Kuimba peke yako mbele ya watahini

Mdogo wangu wa Iringa, nimekuelewa: kwenye kwaya unaimba vizuri, ila mtihani wa kuimba peke yako chuoni ukikaribia, sauti inatetemeka na maneno yanapotea. Usiongeze tu saa za mazoezi chumbani, tafuta wasikilizaji. Waimbie wenzako wawili hosteli, kisha omba kuongoza ubeti mmoja kanisani, halafu wimbo mzima. Jizoeze pia kuanzia katikati ya wimbo, maana anayeujua kutokea mwanzo tu akiteleza hana pa kushika. Jirekodi kwa simu. Baridi ya Juni huko ni kali, kwa hiyo pasha sauti taratibu kabla ya noti za juu. Pombe ya kuondoa woga, hapana kabisa! Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo.