Kihispania cha "rudini nyuma": jibu kwa mtembeza watalii wa Jambiani

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mtembeza watalii, nakaa Jambiani, Unguja. Kiingereza nakimudu vizuri, na Kihispania najifundisha mwenyewe kwa simu. Juzi nilikuwa msitu wa Jozani na kundi la wageni kutoka Hispania. Kima punju mmoja akashuka chini kabisa, wakamzonga kwa picha. Nikataka kuwaambia warudi nyuma. Kichwani ikanijia "go back", nikawaambia "vuelvan, vuelvan". Wakanitazama, wakageuka, wakaenda zao mpaka kwenye gari, na bibi mmoja akaniuliza mbona matembezi yamekwisha mapema. Baadaye nikaona kwenye simu kuna volver, regresar, retroceder, devolver na mengine sijui mangapi. Naomba orodha kamili ya "back" kwa Kihispania, neno kwa neno, niikariri kabla ya msimu mkubwa.

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Tuanze na wageni wako, maana wao hawakukosea kitu. Vuelvan ni "rudini mlikotoka", nao wakarudi. Ulichotaka ni wasogee nyuma kidogo, macho yao yakiwa bado kwa kima. Hapo useme un paso atrás, por favor, hatua moja nyuma tafadhali, au échense para atrás, sogeeni nyuma. Hali ikiharibika na ukataka waachane naye kabisa, aléjense despacio, jitengeni naye polepole. Retrocedan nayo si kosa, ila inasikika kama askari anatawanya watu, na mgeni aliyelipa pesa yake hapendi kutawanywa.

Orodha sitakupa. Kihispania hakina neno moja linalokaa mahali pa "back". Kina atrás, yaani nyuma; kina espalda, yaani mgongo; na kina vitenzi chungu nzima, kila kimoja na kazi yake. Ukishakariri orodha, siku kima atakaposhuka tena utasimama ukichagua, na utachukua lile la juu kabisa, ambalo ni volver. Si ndilo ulilolichukua?

Kinachonikera khasa si kosa lenyewe. Ni njia uliyopita kulifikia. Isome tena barua yako. Umeandika kwamba ulitaka "warudi nyuma". Kiswahili chako kilikuwa kimeshamaliza kazi hapo, kimeshatenganisha kurudi na kurudi nyuma. Ukakiacha, ukaenda kuchukua "go back" ya Kiingereza, ambayo inabeba yote mawili, kisha ukatarajia Kihispania kijue unakusudia lipi. Ni mtu wa Jambiani anayetaka kwenda Paje, kijiji jirani, akapitia Darajani, mjini kabisa.

Vijana ninaowafundisha karibu wote hunijia na imani hii: lugha za Wazungu ni ndugu, kwa hiyo mlango wa Kihispania ni Kiingereza, na Kiswahili kingoje nje. Tumejengewa hivyo tangu skuli. Kwa majina ya vitu vya hotelini imani hiyo haikudhuru sana. Kwa vitenzi vya mwendo inakupoteza kila siku, na hakuna pahala inapokupoteza zaidi kuliko kwenye mambo ya kurudi na kwenda nyuma.

Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy, katika maandishi yake ya 1985 na 1991, alizitazama lugha kwa kuuliza: njia ya mwendo, yaani ndani, nje, juu, chini, nyuma, inawekwa wapi? Kiingereza kwa kawaida huiweka nje ya kitenzi, kwenye kijineno kinachofuata, na kitenzi chenyewe kinabaki kueleza namna ya kwenda. Kihispania huitia ndani ya kitenzi: entrar, salir, subir, bajar, cruzar, volver. Sasa yasome hayo kwa lugha ya mama yako: ingia, toka, panda, shuka, vuka, rudi. Umeona? Kila kitenzi kimekaa na mwenzake bila ya dalali.

Mwingereza akisema "he ran back into the house", kitenzi chake ni kukimbia, na kule kurudi kumesukumwa pembeni. Mhispania anasema volvió corriendo a la casa. Wewe unasema alirudi nyumbani mbio. Mwingereza akisema "she backed out of the room", mwanafunzi wangu aliyepitia Kiingereza huanza kusaka kitenzi cha Kihispania cha hiyo "back", hakipati, akaunda chake. Mwenzake aliyefikiri kwa Kiswahili, alitoka chumbani kinyumenyume, anafika salió de la habitación de espaldas bila jasho, kwa sababu lugha zote mbili zimeanza na kutoka.

Kwa hiyo anza na Kiswahili, tena kile cha nyumbani, usikisafishe. Kurudi ni volver. Regresar pia, ambayo utaisikia zaidi kwa watu wa Amerika ya Kusini na Meksiko. Kurudisha ni devolver: mgeni anayetaka pesa zake za boti kwa kuwa bahari imechafuka atakwambia devuélvame el dinero, na hapo volver haiingii hata kwa nguvu, maana pesa haina miguu. (Devolver ni kutapika pia, hilo utalijifunza mwenyewe siku ya mawimbi.) Kurudia jambo ni volver a na kitenzi mbele yake: volvemos a subir, tunapanda tena. Gari ikipiga rivasi, dar marcha atrás. Yatumie maneno hayo kwa dereva, lakini usiwafanyie mzaha nayo wageni wa Hispania, kwani yana maana nyingine ya chumbani ambayo sitaieleza hapa. Yule aliyelipia kupiga mbizi Mnemba, akaona maji, akaghairi dakika ya mwisho: se echó atrás. Kiingereza kingekurudisha kwenye "back out" na ungeanza upya kuuliza nje ya nini.

Wanafunzi wanateleza zaidi kwenye atrás na espalda. Hacia atrás inaeleza unaelekea wapi. De espaldas inaeleza mgongo wako umegeukia wapi. Mtu anayeanguka chali, se cae de espaldas. Mpiga mbizi aliyekaa ubavuni mwa boti akajiachia majini kwa mgongo, naye anaingia de espaldas. Na ukitaka wageni wasimpe kima mgongo huku wakijiondoa, unaweza kuviunganisha: caminen hacia atrás, sin darle la espalda, nendeni kinyumenyume, msimpe mgongo. Ukishika sentensi hiyo moja nitakuwa nimekulipa kuliko orodha. Hata kwa kasia lipo neno, ciar, kupiga kasia chombo kirudi nyuma, ingawa mgeni wako wa Madrid huenda hajawahi kulitamka maishani mwake.

Detrás ni jambo jingine. Hiyo ni pahala, na mara nyingi inafuatiwa na de: kima yuko nyuma ya mti, el mono está detrás del árbol. Anayemwambia mgeni asogee detrás anaonekana anataka kumficha.

Sitaki utoke hapa ukiamini Kiswahili kitakubeba kila pahala. Nguo iliyofuliwa ikarudi haifanyi volver, inafanya encoger. Mzazi anayemrudi mtoto hamrudishi popote, ni corregir au reñir. Na ukiitwa kutoka mlangoni ukajibu "nakuja!", Mhispania anajibu ¡ya voy!, naenda, kwa sababu kwake venir ni kuja pale alipo anayesema. Hapo Kiswahili na Kiingereza vyote viwili vitakuponza kwa pamoja. Mitego hiyo ipo, lakini ni michache, inahesabika, na ukiijua umeijua.

Sasa simu. Mitambo mingi ya kutafsiri, kwa lugha zisizo na maandishi mengi mtandaoni kama yetu, imezoea kupitia Kiingereza hata pale ulipoandika Kiswahili na kuomba Kihispania. Fuata neno lako moja uone linavyovuliwa nguo njiani. "Rudini" ina -ni, maana yake unasema na wengi. Ikifika Kiingereza, ile -ni imekwisha, kwani "go back" haijui mmoja wala kundi. Ikitoka upande wa pili inakuwa vuelve: mtu mmoja, tena wa kumzoea, kama mtoto au rafiki. Kundi zima la wazee waliostaafu unaliamrisha kama unamfukuza Juma mdogo uwanjani. Heshima ya usted na ustedes, yaani "wewe" na "nyinyi" za adabu, ambayo sisi watu wa shikamoo tungeielewa mara moja, imezama katikati ya safari. Na simu haikwambii imezama. Inakupa jibu kwa uso mkavu, na wewe unalisoma kwa sauti kubwa.

Afadhali simu, kwa sababu haikutozi. Kuna hawa wanaouza "Kihispania kwa wiki moja" kwa vijana wa Nungwi, Paje na mapapasi wa Forodhani, faili la kurasa chache na sauti kadhaa za WhatsApp. Nililetewa moja nilikague. Safu ya Kiingereza, safu ya Kihispania, safu ya matamshi. Safu ya Kiswahili haimo, kwa kitu kilichoandikwa na Mswahili kuuziwa Waswahili! Na kwenye ukurasa wa "back" aliyeandika amefanya hesabu ya duka: "back" ni atrás, basi "give back" ni dar atrás, "call back" ni llamar atrás, "come back" ni venir atrás. Wasemaji wa Kihispania waliozaliwa Marekani wako baadhi wanaosema te llamo para atrás, nitakupigia, na wanaelewana vizuri sana kwa sababu wote wanakijua Kiingereza kilicho chini yake. Mgeni wako wa Sevilla hana habari hiyo. Mwambie te devuelvo la llamada, au kwa wepesi luego te llamo.

Wako pia walimu waliojifunza kwa tamthilia. Hao nawaheshimu kidogo, angalau wamesikiliza watu wakiongea. Lakini tamthilia nyingi ni za Meksiko, na Meksiko mtu husema regrésame el teléfono, nirudishie simu. Hispania regresar haishiki mtendwa, yaani kitu kinachorudishwa, namna hiyo. Wao ni devuélveme. Kijana anakisema Kihispania cha kweli kwa mtu asiye wake, anachekwa, anadhani amefundishwa uongo. Muulize mgeni anatoka wapi kabla hujachagua, ni swali la sekunde mbili na wao wanalipenda.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha kama yangebaki msituni. Jozani kima alikwenda zake na wageni wakarudishwa kwenye njia. Baharini mambo hayaishi hivyo. Niliwahi kuonyeshwa karatasi ya tahadhari ambayo wageni walisainishwa kabla ya kuingia majini, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Kwa Kiingereza iliandikwa "keep back from the propeller", sahihi kabisa. Upande wa Kihispania, uliotolewa kwenye simu, ulisomeka manténgase detrás de la hélice. Maana yake, kwa lugha yetu, kaa nyuma ya propela. Na propela iko wapi kwenye boti? Nyuma. Na nyuma ya propela kuna nini? Kuna yule mgeni aliyetii karatasi.

Walionionyesha walikuwa wakiitumia kwa miezi na hakuna aliyeumia, wakaichukulia hiyo kuwa ndiyo hoja yao. Nikawauliza, karatasi hii kwa Kiswahili mngeiandikaje? Wakasema papo hapo: kaa mbali na propela. Kaa mbali na, manténgase lejos de. Hakuna "back", hakuna nyuma, hakuna mgongo. Walikuwa na jibu mdomoni muda wote, ila hakuna aliyewauliza kwa Kiswahili.

Nawe kama boti unayopakilia wageni ina karatasi au kibao cha namna hiyo, kiondoe leo, kabla ya safari ya kesho asubuhi. Andika upya kwa Kiswahili kwanza, sentensi fupi fupi, kisha mtafute mtu mzima anayekiongea Kihispania akusomee kwa sauti na akueleze, kwa vitendo, mwili wake ungefanya nini. Akisogea kwenye propela, futa uanze tena.