Kwa anayeanza kuvua besi Naivasha

Mwaka wangu wa kwanza wa kuvua besi (samaki anayeitwa bass kwa Kiingereza) katika ziwa Naivasha, Kenya, nilivua maji matupu. Nalisema hili wazi kwa sababu ndilo kosa ninaloliona kwa karibu kila mgeni anayekuja na fimbo mpya. Anapanda boti, anaelekea katikati ambako ziwa ni pana na linapendeza macho, anatupa mshipi mpaka bega linauma, kisha anarudi akisema besi wameisha. Hawajaisha. Ni kwamba mshipi wake haukupita mlangoni kwao.

Besi si samaki wa kuzurura. Mtazame yule wa mdomo mkubwa, ndiye tuliye naye hapa: taya lake la juu linapita hata nyuma ya jicho. Anapoufungua mdomo ule kwa ghafla, maji yanavutwa ndani na chochote kilichokuwa mbele yake kinaingia nayo. Samaki aliyeumbwa hivyo hahitaji kukimbiza windo mbali. Anahitaji kivuli, kitu cha kujibanza, na ukingo ambapo windo litapita. Ukilishika hilo moja, mambo mengine yote ya fimbo na chambo yatajipanga yenyewe. Usipolishika, hata vifaa vya shilingi elfu hamsini havitakusaidia.

Mzee aliyenifundisha alinichukua alfajiri moja kutoka ufuo wa Kamere, akazima injini mbali na mafunjo, akaniuliza, "Kijana, unaona nini?" Nikamwambia naona maji na mafunjo. Akanyamaza. Akavuta kasia mara mbili, polepole, akaniambia nitazame tena. Ndipo nikaona pengo dogo katika mafunjo, upana wa mlango. Upande wa kushoto gugumaji lilikuwa limesukumwa na upepo wa usiku likajikusanya kama mkeka, na mbele yake kigogo kilichooza, nusu ndani ya maji, nusu nje. Akasema, "Hapo pana nyumba tatu. Anza na ya karibu, usiwaamshe wa mbali." Tulipata besi wawili kwenye kigogo na mmoja chini ya gugumaji. Kwenye pengo hatukupata kitu, na hilo nalo ni somo: si kila nyumba ina mtu.

Siku hizi kuna maficho ambayo mzee huyo hakuyajua. Ziwa limekuwa likipanda tangu miaka ya 2010, na mwaka wa 2020 lilimeza mashamba, ua na nyumba, watu wa mtaa wa Kihoto wakahama na magodoro kichwani. Nauma midomo kusema kwamba msiba wa jirani umekuwa maficho ya samaki, lakini ndivyo ilivyo. Migunga iliyosimama nchi kavu sasa imekufa ndani ya maji, mikavu, na chini ya matawi yake besi wanakaa. Pita hapo kwa kasia, si kwa injini. Chini kuna nguzo za ua na seng'enge, na seng'enge hukata mshipi, huvunja panga la injini, na mkono wako pia haiuonei huruma.

Usifuate kalenda za Marekani. Utasoma mengi mazuri kuhusu besi wa majira ya kuchipua, besi wa kiangazi na besi wa barafu, kwa sababu huko ndiko kwao besi, na Wamarekani wameandika juu yake kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini Naivasha iko kusini kidogo tu ya ikweta, zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na joto la maji yake halibadiliki sana mwaka mzima. Kinachobadilika hapa ni rangi ya maji. Mvua za masika zikinyesha, mito ya Malewa na Gilgil inashusha udongo kutoka milimani na kuumwaga upande wa kaskazini, maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Siku hizo mimi nakwenda upande wa kisiwa cha Crescent, penye kina na maji safi zaidi. Kuna pia samaki aitwaye karpi, aliyeanza kuonekana hapa mwaka wa 2001, ambaye kazi yake ni kufukua tope kutwa nzima. Besi huwinda kwa macho kwanza. Maji yakichafuka, hutegemea ule mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko, kwa hiyo mpe kitu cheusi au cha rangi kolevu kinachotikisa maji, kama vile chambo chenye kijiko kinachozunguka, na ukivute taratibu. Maji yakiwa safi, punguza kelele na tumia rangi tulivu.

Sasa vifaa, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu watu hupoteza pesa nyingi mahali hapa. Fimbo moja ya futi 6 na nusu au 7, ngumu kiasi. Rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya kawaida ya kusimama wazi, si ile ya pipa ambayo mgeni huishia kuikalia akifungua mafundo. Mshipi wa nailoni wa pauni 12 hadi 15, kwa sababu mafunjo yanakwaruza. Ndoano pana namba 3/0, pakiti moja. Vipande vya risasi vya gramu 5 na 10 vilivyochongwa kama ncha ya mkuki. Minyoo ya plastiki laini ya inchi 6, rangi nyeusi na kahawia. Koleo la kutolea ndoano. Ukiwa na hivyo, unaweza kuvua mwaka mzima bila kurudi dukani ila kwa minyoo.

Mtego ninaomfundisha kila anayeanza ni ule unaoitwa mtindo wa Texas. Ingiza mshipi kwenye kipande cha risasi, ncha ikielekea kwenye fimbo, halafu funga ndoano. Choma kichwa cha mnyoo kwa ncha ya ndoano kama nusu sentimita, itokeze pembeni, vuta mpaka kichwa kifike kwenye tundu la ndoano, izungushe, kisha uifiche ncha ndani ya mwili wa mnyoo. Mnyoo ukae umenyooka. Ukijikunja, utazunguka majini na kusokota mshipi wako wote. Kwa kuwa ncha imefichwa, chambo hupita katikati ya mafunjo na matawi bila kunasa, na huko ndiko samaki aliko.

Kuutupa ni rahisi. Kazi iko katika kungoja. Mnyoo unapotua kando ya gogo, mgeni huanza kuzungusha rili papo hapo. Usifanye hivyo. Besi wengi ninaowapata humchukua mnyoo ukiwa bado unashuka, kabla haujagusa chini. Legeza mshipi kidogo, uache uzame, na macho yako yawe pale mshipi unapoingia majini. Utaona moja kati ya mambo matatu. Mshipi utashtuka mara moja, kama mtu aliyeguswa bega. Au utaacha kushuka kabla ya wakati wake. Au, na hili ndilo linalowapita wengi, utaanza kwenda pembeni taratibu, bila kelele, kana kwamba kuna mtoto anauvuta kwa kidole. Huyo ni besi, mnyoo uko mdomoni mwake, naye anaweza kuutema muda si mrefu. Kaza mshipi, inua fimbo kwa nguvu mara moja, na usimpe nafasi ya kurudi kwenye matawi.

Ikiwa umefika chini na hakuna kilichotokea, inua ncha ya fimbo kama shibiri mbili, acha mnyoo uanguke tena, ngoja. Nikisema ngoja namaanisha hesabu mpaka kumi. Halafu tena. Kufundisha upole huu kumenishinda kuliko kitu kingine chochote, hasa kwa vijana wanaotoka mjini wakiwa na saa tatu tu za kukaa majini.

Juu ya mafundo nitasema kwa uchungu. Kuna mgeni mmoja niliyempeleka kwenye migunga mikavu, mtu mpole, aliyekuwa ameota kupata besi mkubwa tangu utotoni. Akampata. Tulimwona akiruka mara moja, ubavu wenye ule mstari mweusi, mdomo wazi, anatikisa kichwa. Mara ya pili mshipi ulirudi mtupu, na mwishoni ulikuwa umejisokota kama mkia wa nguruwe. Hiyo ni alama ya fundo lililofunguka, si mshipi uliokatika, na fundo nililifunga mimi kwa haraka, kavu kavu. Tangu siku hiyo natumia fundo la Palomar peke yake. Kunja mshipi uwe mara mbili, upitishe kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kulikaza, pitisha ndoano yote ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, kisha kaza polepole. Mate si ushirikina: nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kudhoofika. Na kila ukitoa samaki au ukinasa tawini, pitisha vidole kwenye sentimita 50 za mwisho za mshipi. Ukihisi mkwaruzo, kata, funga upya.

Watu huniuliza kwa nini rangi ya kahawia iliyoingia wekundu hufanya kazi vizuri hapa. Pasua tumbo la besi mmoja utakayemla, utapata jibu: magamba na makucha ya wale kamba wa maji baridi walioletwa ziwani mwaka wa 1970. Kamba akishtushwa haendi mbele, anaruka kinyumenyume kwa vishindo vifupi kisha anatulia. Mfanye mnyoo wako ufanye hivyo hivyo chini, kishindo kifupi na kutulia, na utakuwa unazungumza lugha anayoijua.

Besi mwenyewe pia ni mgeni Naivasha. Aliletwa mwaka wa 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Kabla ya hapo ziwa lilikuwa na samaki mdogo wa asili, na huyo mara ya mwisho alionekana miaka ya 1960. Nampenda besi kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo hiyo nakuomba: usimchukue akiwa hai ukamtie kwenye bwawa la kijijini kwenu au mto wowote. Tayari ana ziwa hapa.

Wengine huja na picha za majitu ya Marekani vichwani. Rekodi ya dunia iliwekwa na George Perry huko Georgia tarehe 2 Juni 1932, pauni 22 na aunsi 4, yaani kama kilo 10. Ilichukua miaka 77 mpaka Manabu Kurita alipompata wa kulingana naye katika ziwa Biwa, Japani, mwaka wa 2009. Kwangu mimi besi wa kilo moja na nusu ni siku njema, na ukimshika kwenye mshipi mwembamba utaelewa kwa nini.

Ukimtoa majini, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno yake ni kama msasa, hayakati. Akiwa mzito, weka mkono wa pili chini ya tumbo, usimning'inize kwa taya peke yake. Lowesha mikono kwanza, kwa maana ute ulio juu ya magamba ndio kinga yake. Kama humli, mrudishe upesi. Pumzi anayokosa yeye ni ile unayotumia wewe kutafuta simu yako.

Kabla ya yote hayo, kata leseni ya uvuvi wa burudani na uzungumze na watu wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wa ufuo unaotokea. Wao ndio watakaokuambia maeneo ya mazalia yasiyoguswa na kama kuna kipindi cha kufunga uvuvi. Usiwapite kana kwamba hawapo. Hilo ziwa ndilo shamba lao.

Viboko sitakufundisha kuwazoea, kwa sababu hawazoeleki. Njia pana iliyolala ndani ya mafunjo, yenye tope lililokanyagwa, ni barabara yao. Wanatoka usiku kula majani na kurudi kabla jua halijachomoza, kwa hiyo usisimame kwenye ufuo gizani ukifunga ndoano kwa tochi. Ukiwa botini, usikae kati ya kiboko na maji ya kina. Ukiona mapovu yanakuja kwa mstari kuelekea kwako, acha samaki, acha mshipi, ondoka. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe tangu ufuoni. Nimeona watu wakilikalia kama mto.

Asubuhi ziwa huwa kama kioo mpaka saa nne hivi. Kuanzia adhuhuri upepo hupanda, na ifikapo saa nane mawimbi yanaweza kumwaga maji ndani ya boti ndogo. Mimi saa sita na nusu nakuwa nimegeuza boti. Kwa hiyo ukija Jumamosi, fika ufuoni saa kumi na mbili, kukiwa kumepambazuka. Acha chambo chako chote ndani ya sanduku ila minyoo miwili. Chagua kipande kimoja cha mafunjo, mita 200 tu, ukipite chote kwa kasia, na kila unapopata mguso au samaki, andika kwenye daftari kitu kilichokuwa kando yake: gogo, gugumaji, mgunga, pengo. Ukijaza kurasa mbili, nipigie yowe ukiniona majini. Nitakuja kukuuliza unaona nini.