Maswali ya Wasomaji: Kupima Tofauti Ndogo za Sauti Nyumbani

*Nilisikilizishwa amplifaya mbili dukani hapa Mwanjelwa. Ya pili, ambayo bei yake ni karibu mara mbili, niliisikia safi zaidi. Je, ni kweli au nilivutwa na bei?* (Msomaji, Mbeya)

Yawezekana tofauti uliisikia kweli, ila haikuwa ya usafi. Sauti ikiongezeka kidogo tu, hata isifikie desibeli 1 (kipimo cha ukubwa wa sauti), msikilizaji hatambui kwamba imepanda. Huiona imekuwa safi na yenye uhai zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuhukumu, sawazisha sauti: pitisha kwenye kila amplifaya mvumo wa redio iliyo katikati ya stesheni mbili, weka mahali unapokaa simu yenye programu ya kupima sauti, kisha rekebisha mpaka namba zilingane. Halafu mtu akuchezee vipande vya sekunde chache mara 10, akichagua amplifaya kwa kurusha sarafu bila wewe kumwona, nawe uandike kila mara unadhani ni ipi. Ukipatia mara 5 au 6, umebahatisha. Kupatia 9 au zaidi kwa bahati tupu hutokea takriban mara 1 katika majaribio 100. Vipande viwe vifupi kwa sababu kumbukumbu ya sauti hufifia upesi mno. Mimi niliisifu amplifaya moja kwa miezi kadhaa, na siku niliposawazisha sauti sikuweza tena kuitofautisha na ile niliyoiacha. Tangu hapo simshauri mtu yeyote alipe kabla ya kufanya jaribio hili.

*Spika zilizonipendeza mjini, huku nyumbani zinavuma tu. Je, ziliharibika njiani?* (Msomaji, Tukuyu)

Sidhani. Spika ikisukumwa kwenye kona, kuta huiongezea besi, na sakafu ya vigae pamoja na kuta tupu hurudisha mwangwi mkali. Zulia, mapazia mazito, au hata blanketi kama yale ambayo baridi yetu imetulazimisha kuwa nayo, hupunguza mwangwi huo. Mvumo wa besi, hata hivyo, hauondolewi na kitambaa: zivute spika walau nusu mita kutoka ukutani, kisha usogeze na kiti chako. Tena usihukumu lolote mvua inapopiga bati, kwani kelele hiyo hufunika hasa zile sauti ndogo unazozitafuta. Subiri usiku uliotulia.

*Nyimbo za kwenye simu zinapungua ubora kwa CD?* (Msomaji, Kihesa, Iringa)

Inategemea zilivyobanwa, yaani faili zilivyopunguzwa ukubwa: kilobiti zikiwa chache kwa sekunde, zimebanwa zaidi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde mara nyingi hujulikana kwenye makofi, kayamba na herufi "s" za waimbaji, lakini ile ya kilobiti 320 ni wachache sana wanaoweza kuitofautisha na CD. Ukitaka kulinganisha mwenyewe, tumia rekodi ya kwaya ambayo umewahi kuisikia ikiimba mbele yako, na nakala zote mbili, ya MP3 na ya CD, zitokane na rekodi hiyo moja.

*Fundi ananishauri ninunue waya ghali wa spika.* (Msomaji, Makambako)

Kwa mita 3 au 4, waya wa kawaida wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Kagua badala yake ncha zake: kama nyekundu na nyeusi zimepishana kwenye spika moja tu, besi hupungua na sauti ya mwimbaji haikai katikati. Zigeuze, kisha usikilize upya.