Barua za Wafugaji: Bibi na umande wake

SWALI: Shikamoo mzee. Nimerudi kijijini huku Kongwa kumsaidia bibi na mbuzi wake, shida ni kwamba hataki niwafungulie mapema, mpaka saa tatu saa nne jua limekolea ndo anasema haya watoe, eti umande unaua mbuzi. Mi naona wanakaa zizini wanalia njaa bure halafu mchana jua linawachosha. Majike wawili wamekonda na mmoja kavimba chini ya taya, ukibonyeza kidole panabonyea. Ni imani za wazee au kuna ukweli? (Mjukuu wa Kongwa)

JIBU: Marahaba mjukuu. Umande wenyewe ni maji tu, hauna kosa, ila bibi yako yuko sahihi kabisa na usimbishie tena. Kuna minyoo inakaa tumboni mwa mbuzi inanyonya damu, jike mmoja wa huyo mdudu anataga maelfu ya mayai kwa siku, yanatoka na mavi, yanaanguliwa humo humo kwenye vile vigololi, na kukiwa na joto na unyevu inachukua kama wiki tu vijinyoo vichanga viko tayari kutafuta mbuzi. Sasa vyenyewe haviwezi kupanda jani kavu. Vinasubiri nyasi ilowe, asubuhi vinapanda na ule umande, na mbuzi aliyelala na njaa akifunguliwa saa kumi na mbili anafakamia vyote. Jua likishakausha majani hatari inapungua sana. Tena havipandi juu, vingi vinaishia sentimita chache kutoka chini, ndo maana mbuzi anayezurura vichakani akisimama kwa miguu miwili anachuma majani ya juu haugui minyoo kama yule aliyefungwa kamba sehemu moja anakwangua nyasi fupi na mavi yake mwenyewe.

Huyo mwenye uvimbe usimchelewe. Mshike, mtoe nje kwenye mwanga wa jua maana bandani utadanganyika, kidole gumba kimoja kishushe kope la juu ubonyeze taratibu, kingine kivute kope la chini, utaona ile nyama laini ya ndani imejitokeza. Ikiwa nyekundu yuko poa. Pinki iliyopauka, anza kuwa na wasiwasi. Nyeupe kama karatasi, damu imenyonywa, na uvimbe wa taya unakuja hapo hapo. Afrika Kusini walitengeneza mpaka kadi ya rangi 5 ya kulinganishia jicho, ila hata bila kadi ukiwapitia kundi zima leo utaanza kuona tofauti yao wazi. Kupe wengi au ndorobo nao wanapausha jicho, kwa hiyo muite afisa mifugo athibitishe. Na kama ni minyoo, mnyweshe dawa ya minyoo anayehitaji tu. Hii tabia ya kunywesha zizi zima kila mwezi, tena kwa kukisia uzito kwa macho, inaua minyoo legelege inabakiza ile sugu, halafu mwakani mnalalamika dawa feki. Mwenye mimba changa usimpe dawa ya minyoo iitwayo albendazole.

Kuhusu njaa ya asubuhi, jioni kata matawi uyaning'inize zizini juu kidogo, usiyamwage chini. Watakula mpaka jua litoke.

SWALI: Mzee habari. Mtama wangu ulikaushwa na jua ukiwa mdogo, sasa vimvua vimerudi unachipua upya kijani kizuri sana. Niingize mbuzi wamalizie? (Mama wa Manyoni)

JIBU: Usithubutu mama! Machipukizi ya mtama yaliyoteswa na ukame yana sumu ya sayanaidi, mbuzi anakula vizuri tu, kidogo anaanza kuhema kama kakimbizwa, anaanguka, hata kisu hujakipata. Waweke mbali na hilo shamba mpaka mtama urefuke ukomae, au ukate uuanike ukauke sawasawa ndo uwape.

SWALI: Nikienda kwa babu kuna mgunga mkubwa sana bondeni, kiangazi chote una majani, mvua zikianza unapukutika. Babu anasema mti ule mkaidi. Kwa nini uko kinyume na wenzake?

JIBU: Mwambie babu mkaidi huyo ndo anamlishia mbuzi. Ni ule wengine wanauita mkababu, mizizi yake inazama chini sana inafika kwenye maji ambayo miti mingine haiyaoni, basi kiangazi unachanua wenyewe, na masika unavua majani, ndo maana watu wanalima mahindi na mtama chini yake bila kivuli kuwasumbua. Matunda yake yale ya rangi ya machungwa yaliyojikunja yanaanguka kipindi ambacho mbuzi hana kitu kingine, usiyaache yaliwe yote siku moja, okota ujaze gunia uwagawie kidogo kidogo. Mbegu ni ngumu, nyingi zinapita tumboni zikiwa nzima, kwa hiyo ukitaka miche kabla hujanunua popote kachungulie pembeni ya rundo la samadi la babu mvua za kwanza zikishanyesha, huenda imeota yenyewe, ing'oe na udongo wake mapema kabla mzizi haujaenda mbali.