Gari la spoti la zamani lenye kilomita chache: uliendeshe au ulifungie?

Ukipata gari la spoti la miaka ya tisini ambalo odomita yake haijafika hata kilomita 20,000, ushauri utakumiminikia bila kuuomba. Huyu atakwambia ulifunike turubai usiliguse, kwa sababu thamani yake iko kwenye zile namba. Yule atakuuliza funguo ziko wapi. Mimi niko upande wa funguo. Ila usiliwashe leo, wala usidhani kila gari la namna hiyo ni la kuendeshwa. Yapo machache ambayo ni heri umwachie mwenye haja nayo.

Langu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ya mwaka 1991, injini ya lita 1.6. Nililinunua kwa familia ya mzee aliyekuwa akilitoa mara moja moja, kisha akaacha kabisa. Lilipofunuliwa niliangalia pedali kabla ya rangi. Mistari ya mpira kwenye pedali ya klachi ilikuwa bado imesimama, haijalika hata pembeni. Mpira wa pedali hubadilishwa kirahisi, kwa hiyo nikapitia pia usukani, kitasa cha gia na ukingo wa kiti cha dereva pale mtu anapojiburuza akiingia. Vyote vilisema maneno yale yale na odomita.

Sasa, kilomita chache hazina maana kwamba gari halijachoka. Gari likitembea, vyuma husuguana. Likikaa, mipira hufa. Sili za injini na za giaboksi, yaani mipira inayozuia oili kuvuja, zinahitaji kulowa oili ili zisikauke na kusinyaa. Sili ya kompresa ya AC ni hivyo hivyo. Pistoni za breki hushika kutu ndani ya kalipa (kibano cha breki), sahani ya klachi hunata kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini), na panya wakipata upenyo hujenga kwenye filta ya hewa na kutafuna nyaya. Odomita haionyeshi hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo maana inawapoteza wengi.

Anza na matairi. Nalisisitiza hili kuliko mengine yote kwa sababu linaua. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa. Tangu mwaka 2000 ziko nne: 2304 ni wiki ya 23 ya mwaka 2004. Zikiwa tatu, tairi hilo ni la kabla ya 2000. Langu lilikuwa na tatu. Kashata zake zilikuwa nzima, ndefu, mtu wa kawaida angekwambia matairi ni mapya. Lakini nilipoinama na tochi niliona mipasuko myembamba kama nywele ndani ya mifereji, na nilipokandamiza ukucha kwenye mpira haukuacha alama yoyote. Mpira wa namna hiyo haushiki lami. Gari la Porsche Carrera GT alilofia mwigizaji Paul Walker mwaka 2013 lilikuwa la mwaka 2005, na wachunguzi walipotoa matokeo yao mwaka 2014 walitaja mwendo wa kasi kuwa chanzo cha ajali, lakini wakasema pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka 9 na huenda yalidhoofisha uwezo wa gari kushika barabara. Miaka tisa tu. Matairi ya zamani yatoe kwanza, ndipo tuzungumze mengine.

Baada ya hapo, breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limesimama. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu, breki zikishapata moto, mafuta hayo huchemka, pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Yamwage yote, na mipira (hosi) ya breki ibadilishwe hata kama kwa nje inaonekana mizima, kwa sababu huvimba na kuziba kwa ndani.

Petroli iliyokaa miaka huacha utando wa gundi kwenye tanki, pampu na nozeli zinazopulizia petroli kwenye injini, na kama ilichanganywa na ethanoli huvuta maji pia. Tanki langu lilipofunguliwa harufu haikuwa ya petroli tena, ilikuwa ya rangi ya mafuta iliyochacha. Tulilimwaga, tukalisafisha, tukaweka pampu na filta mpya, na nozeli zikapelekwa kusafishwa kwa mashine. Usikubali fundi akwambie “tuongeze petroli mpya juu yake, itajichanganya.” Hata ikijichanganya haisaidii. Inabeba uchafu wote kuupeleka kwenye injini.

Kuiamsha injini yenyewe ni kazi ya subira, na kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Toa plagi. Tia oili kidogo ndani ya kila silinda, iache inywe usiku kucha. Kesho yake shika spana, zungusha krankishafti (mhimili mkuu wa injini) kwa mkono, taratibu, na usikilize mkono wako. Ikigoma, simama hapo hapo. Ikizunguka vizuri, mwaga oili ya zamani, weka oili na filta mpya, kisha piga stata plagi zikiwa nje na mafuta yakiwa yamekatwa, mpaka uone presha ya oili imepanda. Ndipo urudishe plagi na kuwasha. Nilisimama pembeni ya injini ile ilipoitika, nikasikia valvu zikigonga kwa muda mfupi kisha zikanyamaza oili ilipozifikia, na sitaki kuficha kwamba machozi yalinilenga.

Mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, kama gari lako linao, una ukomo wa kilomita na ukomo wa miaka, na unahesabu kinachotangulia. Kwa gari lililokaa, miaka ndiyo hutangulia. Kwenye injini ambazo valvu na pistoni hupishana, mkanda ukikatika vinagongana na injini imekwisha. Baadhi ya magari, mfano Ferrari F355, injini hushushwa nzima ili kuubadilisha, kwa hiyo uliza gharama hiyo kabla hujanunua. Betri ni jambo dogo: nunua chaja ile ya kuachwa imechomekwa, basi.

Likishakuwa tayari, liendeshe ipasavyo. Kuliwasha dakika tano pale liliposimama na kulizima ni kulidhuru. Injini haipati moto wa kutosha, maji ya mvuke yanabaki kwenye eksozi na ndani ya oili, petroli isiyoungua inashuka kwenye oili. Afadhali usiliwashe kabisa. Ukilitoa, litoe nusu saa au zaidi, barabara ya wazi, na kumbuka kwamba oili huchelewa kupata moto kuliko maji ya rejeta. Mshale wa temperecha ukifika katikati, bado usilikamue. Mimi hulitoa wiki ikiwa kavu. Mvua ikinyesha linabaki ndani, handbreki haijavutwa, limewekwa gia na kabari kwenye tairi, ili pedi zisigande.

“Na thamani je?” Tupige hesabu. Gari lina kilomita 15,000. Ukilitembeza kilomita 2,000 kila mwaka kwa miaka 10, litafika 35,000. Litakuwa limepita miaka 40 kwa MX-5 kama yangu, na bado kila mtu ataliita gari la kilomita chache. Thamani huporomoka kwa ukali pale gari lisilotumika kabisa linapogeuka kuwa lililotumika. Kutoka 18,000 hadi 22,000, mnunuzi anaangalia zaidi hali yake na karatasi zake. Mwigizaji Rowan Atkinson aliitumia McLaren F1 yake, akaigonga mara mbili, ikatengenezwa, na mwaka 2015 akaiuza ikiwa na maili zipatazo 41,000 kwa bei iliyozidi mara nyingi ile aliyonunulia mwaka 1997.

Idadi ya yaliyotengenezwa nayo ina neno. MX-5 za kizazi cha kwanza zilizidi 400,000. Nikilitembeza langu, historia haipotezi kitu. McLaren F1 zilikuwa 106 tu kwa jumla. Kwa hiyo kama lako bado lina plastiki za kiwandani kwenye viti, kilomita mia kadhaa, rangi haijaguswa na ya aina yake yamebaki ya kuhesabika, ushauri wangu ni huu: liuze kwa mkusanyaji au jumba la makumbusho, halafu tafuta la aina ile ile lenye kilomita 80,000 lililotunzwa vizuri. Utaendesha bila hofu, na lile la kwanza litakuwa mikononi mwa mtu anayelitaka likiwa limesimama. Kukaa na gari unaloogopa kuligusa ni kulikosa huku unalilipia.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa magari haya daftari ni nusu ya mali. Piga picha odomita kila unapolitoa na kulirudisha, tunza risiti zote, andika nani alifanya nini. Na mwambie fundi mapema, kabla hajafungua nati ya kwanza, asitupe kifaa chochote cha zamani. Pampu, mipira, plagi, hata vibanio vya hosi, vyote viingie kwenye mfuko wenye jina na tarehe, kisha kwenye boksi moja. Mnunuzi anayejua magari haya ataliulizia boksi hilo kabla hajauliza bei.