Omba Kazi ya Ghalani

Nilianza kujitolea kwenye makumbusho ya historia nikiwa na miaka 16. Wiki mbili za mwanzo niliwekwa mlangoni kugawa vipeperushi, na kama msimamizi wa mikusanyo hangekosa mtu wa kumshikia taa ghalani siku moja, ningeacha. Leo mimi ndiye ninayewapokea vijana, na jambo la kwanza ninalowaambia ni hilo: usizoee mlangoni, omba ghala.

Ghalani ndiko nilikovunja kitu changu cha kwanza. Birika la udongo. Nililishika mkono wake kama ninavyoshika la nyumbani, mkono ukabaki vidoleni na birika likarudi mezani. Kumbe uliwahi kuvunjika zamani, ukaungwa kwa gundi. Tangu siku hiyo nabeba kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako, na siinui kitu kabla sijajua nakwenda kukiweka wapi. Kwa chuma na picha navaa glavu za naitraili, aina ya mpira mwembamba, maana jasho lina chumvi inayoleta kutu na madoa. Kwa karatasi za kawaida mikono safi na mikavu inatosha. Zile glavu nyeupe za pamba unazoziona kwenye sinema hufanya vidole vizito, na ukurasa huchanika. Kalamu ya wino iache nje kabisa, tumia penseli.

Usajili, yaani kukipa kila kitu namba na kuandika habari zake, utakuchosha, nakwambia mapema. Namba kama 2011.14.3 ina maana yake: mwaka kitu kilipopokelewa, kundi la 14 la vitu vilivyopokelewa mwaka huo, kitu cha tatu katika kundi hilo. Inafanana na ukarani, na kweli ni ukarani. Lakini birika likipotewa na namba, aliyelileta na nyumba lilikotoka vinapotea nalo, tunabaki na udongo.

Halafu inakuja sehemu tamu: kuchagua. Nilipewa picha 40 na kabati la kioo la kutosha 6. Nilitaka kuweka 12, nikaambiwa hapana. Nikataka angalau taa kali, nikaambiwa hapana tena, kwa kuwa karatasi na vitambaa huwekewa mwanga hafifu wa luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga), na rangi ikishapauka hairudi. Nilinuna. Nikaanza kujiuliza kila picha inasema nini ambacho nyingine haijasema, na kwa swali hilo niliziondoa 34.

Nanyi wenzangu mnaosimamia vijana, wapeni kabati moja dogo liwe lao kweli. Mwanzoni simameni karibu yao wanaposhika vitu, maana kitu kikivunjika kimevunjika. Kwenye lebo, yale maelezo yanayowekwa kando ya kitu, waacheni wakosee, karatasi huchapwa upya.

Lebo yangu ya kwanza ilikuwa na maneno 200 na ilianza na tarehe. Niliipenda sana. Siku ya kufungua nilisimama nyuma ya nguzo kutazama watu wakiisoma, jambo ambalo ningemshauri kila kijana alifanye hata kama linauma. Mama mmoja alisogea, akasoma mstari wa kwanza, akageukia picha, akainama kutazama mtoto aliyekuwa pembeni mwa picha bila viatu, akamwita mwenzake waje wamwone. Kwenye lebo yangu mtoto huyo hakuwamo. Niliiandika upya usiku uleule, maneno 55, nikaanza na yeye.