Mwanangu, sishukuru kwa kifo cha baba yako

Tororo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma jioni ya tarehe 16 Februari, tuliporudi kutoka kanisani kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa wakati wa Idi Amin. Umeniuliza: "Mama, Paulo anasema shukuruni kwa kila jambo. Je, na kwa kifo cha Baba? Nikija nyumbani nakusikia ukishukuru kila jioni. Mimi siwezi." Nimelala na swali hilo siku tatu. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana ningelia, wewe ungeanza kunibembeleza, na swali lingebaki pale pale.

Sishukuru kwa kifo chake. Sijawahi. Usiku ule hospitalini, tulipokuwa tukingoja damu ambayo haikufika, sikumwambia Mungu asante. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo sijayarudia mbele ya mtu. Anayekufundisha kwamba Mkristo wa kweli hafai kulia kaburini, mwulize kwa nini Yesu alilia machozi kwa ajili ya Lazaro, naye alijua kwamba punde tu atamwita atoke.

Hilo neno "kwa" limekutega, mwanangu, kama lilivyonitega mimi. Ukilisoma haraka utadhani kila jambo lenyewe ni zawadi, hata jeneza. Mchungaji alitufafanulia kwamba katika Kiyunani Paulo aliandika "katika". Katika kila jambo. Yaani ukiwa umo humo ndani, na giza lake, bado uwe na la kushukuru. Tena angalia aliwaandikia akina nani. Wathesalonike walikuwa na wafu wao, na katika barua ile ile, sura ya 4, anawaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Hakuwaambia wasihuzunike.

Lakini kilichonifungua mimi hasa ni Meza ya Bwana. Miaka mingi nimepiga magoti pale na kuyasikia maneno yale bila kuyasikia. Usiku ule aliotolewa alitwaa mkate, akashukuru, akaumega. Usiku ule ule! Msaliti yuko karibu, msalaba ni kesho, naye ameshika mkate anashukuru. Alishukuru kwa mkate. Kwa usaliti hakushukuru. Kisha akasema, "Fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu." Kushukuru na kukumbuka vilikaa meza moja, na tangu siku nilipoliona hilo siwezi tena kuvitenga. Nikimkumbuka baba yako bila kushukuru, ninachokiona ni kitanda cha hospitali tu. Nikishukuru, namwona mwenyewe, mzima, na kofia yake ya kazi.

Unajua tulivyokulea kwa Kiswahili, yeye Mwacholi, mimi Mjopadhola, kwa kuwa kambini kwa polisi kila mlango ulikuwa na kabila lake. Lakini sidhani kama alikusimulia kilichotuunganisha kwanza. Mwaka 1977 yeye alikuwa kijana wa shule kule Kitgum, na mimi msichana mdogo hapa Tororo. Luwum, Mwacholi wa huko Kitgum, alipouawa, mawaziri wawili waliuawa pamoja naye, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Oboth Ofumbi alikuwa mtu wa huku kwetu. Serikali ya Amin ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Kwa hiyo kwao palikuwa na matanga, na kwetu palikuwa na matanga, kwa siku ile ile. Tulipokutana, miaka mingi baadaye, hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza marefu.

Baba yako alipenda kusimulia habari za kanisa kuu la Namirembe. Watu walikuwa wamemchimbia Askofu kaburi pale Kampala, lakini mwili haukuletwa; ulipelekwa kwao Mucwini ukazikwa huko. Waumini wakasimama kando ya shimo tupu. "Wakaimba," angesema, kisha ananyamaza kidogo. Mwaka huo Kanisa la Uganda lilikuwa likitimiza miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wafike, na sherehe hawakuiahirisha. Sikuambii haya ili ujione mdogo wa imani. Wale nao walikuwa na hofu, walikuwa na hasira. Walishukuru wakiwa nazo.

Basi, mimi jioni hufanya nini? Kidogo tu. Naketi kwenye kiti kile kifupi, Jiwe la Tororo, ule mwamba mkubwa wa mji wetu, likiwa bado linaonekana, na namtajia Mungu vitu vya baba yako kimoja kimoja. Alivyokuwa akisaga simsim, yaani ufuta, ya odii, ule mchuzi mzito wa Kiacholi, mwenyewe kwa sababu alisema mimi naiharakisha. Baiskeli. Ada yako ya muhula ule alipouza ng'ombe na hakukwambia. Sikukuu ya mavuno iliyofuata kifo chake nilipeleka jogoo kanisani, na mama mmoja akaninong'oneza, "Mwaka huu unashukuru nini?" Nikamjibu, "Miaka 31." Jogoo alipopigwa mnada niligeuka nisionekane uso.

Kuna jioni nataja kitu kimoja nikakwama. Hapo naacha. Mungu hajanidai salio.

Wewe usianze na "asante" kama koo limekaza. Anza na kitu kimoja alichokufanyia, ukiseme kwa sauti, uone. Na kile cha ng'ombe sasa unacho.

Pasaka ukija, pitia sokoni uniletee kilo mbili za simsim nyeupe. Jiwe lake la kusagia bado lipo nyuma ya jiko, sijaliondoa, na mikono yangu haina nguvu tena. Utasaga wewe.

Mama yako